Torenti si ghala: dhana potofu kuhusu kusambaza data kubwa za programu huria

Dhana: Ukishatengeneza torenti, data yako imeshahifadhiwa mtandaoni.

Ukweli: Dhana hii ndiyo inayoiponza miradi midogo kuliko zote. Torenti ni faili dogo la kuongoza upakuaji wa data kutoka kompyuta za watumiaji wengine; haibebi data yenyewe. Hubeba majina ya mafaili, ukubwa wake na alama za uhakiki za vipande vyake. Data ya gigabaiti 20 iliyokatwa vipande vya megabaiti 4 ina vipande 5,120, na kwa kuwa alama ya kila kipande, inayokokotolewa kwa njia iitwayo SHA-1, ni baiti 20, alama zote kwa pamoja ni kilobaiti 100 tu. Gigabaiti 20 zenyewe zimo kwenye kompyuta ya mwenye mradi, naye akiizima kabla nakala moja kamili haijawafikia wengine, wote waliokuwa wakipakua hukwama njiani, hata aliyebakiza vipande viwili. Kwa hiyo kinachotafutwa hasa ni mashine inayowaka saa zote ikiwa na nakala kamili. IPFS, mfumo mwingine wa kusambaza mafaili kati ya kompyuta za watumiaji, nayo haina tofauti katika hili: kisichoshikiliwa na yeyote hutoweka.

Dhana: Ukitumia mtandao wa rika kwa rika, yaani wa kompyuta za watumiaji kupeana data moja kwa moja, seva ya kawaida haina kazi tena.

Ukweli: Mipango iliyo imara huviunganisha vyote viwili. Ndani ya torenti unaweza kuandika anwani ya kawaida ya wavuti yenye faili lilelile, ili programu ya kupakulia ichote vipande huko pale wasambazaji wanapokuwa wachache, na seva ipumue wanapokuwa wengi. Internet Archive, maktaba ya kidijitali iliyoanza kutoa torenti mwaka 2012, hufanya hivyo: unapakia data, yenyewe inatengeneza torenti, na seva zake zinabaki kuwa chanzo. Kwa mradi usio na fedha, naona huo ndio mlango wa kwanza wa kubisha, ilimradi leseni inaruhusu usambazaji. Leseni ya msimbo wakati mwingine haihusu ramani, sauti au picha zinazoambatana nao, kwa hiyo kila kimoja kikaguliwe peke yake.

Dhana: Torenti ni njia ya wizi.

Ukweli: Itifaki ya BitTorrent, yaani kanuni za mawasiliano ambazo torenti hutumia, aliyoibuni Bram Cohen mwaka 2001, haichagui inachobeba. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, husambaza kwa njia hiyo diski zake za usakinishaji, na mradi wa ramani huria wa OpenStreetMap husambaza ramani yake ya dunia nzima.

Dhana: Data inayotoka kwa watu usiowajua inaweza kuwa imechezewa.

Ukweli: Kila kipande hulinganishwa na alama yake, na kisipolingana hutupwa na kuombwa upya. Hata hivyo, ulinzi huo una thamani ikiwa torenti yenyewe imetoka kwa wenye mradi. Ndiyo maana inafaa kuiweka kwenye tovuti yao rasmi, pamoja na sahihi ya kidijitali ya mafaili.