Baridi utajifunika, joto utavua nini?

Mwaka juzi walinijia mume na mke wakiwa na hati mbili za viwanja. Kimoja kiko Njombe, pembeni kidogo ya mji. Kingine kiko Kigamboni, mwendo wa dakika kumi kwa miguu mpaka baharini. Mzee alikuwa anakaribia kustaafu, na fedha ilitosha nyumba moja tu. Yeye ni mtu wa Makete, kule milimani kwenye baridi, mama ni mtu wa Tanga, pwani. Walitaka mchora ramani awakadirie gharama za pande zote mbili, lakini chai haijamiminwa walishaanza.

"Mdogo wangu, baridi utajifunika blanketi," mzee akaniambia. "Joto utavua nini? Utavua ngozi?"

"Baba Neema, ile Juni tuliyokwenda kwenu," mama akamjibu, "nililala na sweta, soksi na mablanketi mawili, na miguu ikabaki barafu mpaka kumekucha. Pale ningeongeza nini?"

Ubishi huu nimeusikia tangu utotoni. Nimezaliwa Njombe, nikasomea usanifu majengo hapa Dar es Salaam, na sijaondoka tena. Kila mtu anaamini amezaliwa mtu wa joto au mtu wa baridi. Miaka yangu ya kuingia vyumbani mwa watu imenifundisha kwamba mara nyingi mtu hajalichoka joto wala baridi. Amechoshwa na nyumba, na hasa amechoshwa na usiku ndani ya nyumba hiyo.

Tuanze na mwili. Mtu aliyekaa tu bila kazi anatoa joto la wati 100 hivi, sawa na ile balbu ya zamani ya njano. Joto hilo ni lazima litoke, maana ndani tunatakiwa tubaki kwenye nyuzi 37. Linatoka kwa njia chache. Hewa inayopita juu ya ngozi inalibeba. Ngozi nayo inalimwaga kwenye kuta na vitu vya baridi vilivyoizunguka, hata bila kuvigusa. Na jasho linapokauka linaondoka nalo. Sasa chukua Dar mwezi wa Februari: mchana hewa iko nyuzi 32 au 33, na ngozi ya mtu iko kati ya 33 na 35. Hewa haina tena cha kubeba. Ukiwa chini ya bati lisilo na dari, bati limepigwa na jua mpaka haligusiki, njia ya pili imegeuka: wewe ndiye unayemwagiwa. Limebaki jasho peke yake.

Jasho lina nguvu kubwa mno. Lita moja ikikauka juu ya ngozi inaondoka na kilokalori 580 hivi, joto la ile balbu kwa zaidi ya saa sita. Lakini ni lazima likauke. Tone linalodondoka kidevuni halikubeba chochote. Maji na chumvi vimepotea bure. Pwani hewa imeshashiba mvuke wa bahari, haina nafasi ya kupokea mwingi zaidi, ndipo tunapopata lile fukuto linalokufanya utoke kuoga na kabla hujafika chumbani umelowa tena. Watumishi waliohamia Dodoma kutoka Dar wananiambia joto la kule halichoshi, ingawa mchana wa Novemba kipimajoto kinaweza kusoma karibu sawa. Hewa ya Dodoma ni kavu, jasho linaondoka kabla hujaliona, na usiku kunapoa. Wanacholalamikia ni midomo kupasuka. Kwa hiyo mtu akiniambia anapenda joto, namuuliza kwanza: lipi?

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kiganja. Saa tatu usiku, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba unacholala.

Nilifanya hivyo Mbagala, kwenye nyumba ambayo mwenyewe aliniita nimshauri aweke kiyoyozi cha ukubwa gani. Ukuta ulikuwa wa tofali za saruji za inchi sita, bila mti wala kibaraza mbele yake. Jua linauchoma kuanzia saa nane mchana mpaka linazama. Joto linapita ndani ya tofali taratibu, linachukua saa kadhaa kufika upande wa pili. Kwa hiyo nje kumeshapata ahueni, majirani wamekaa vibarazani wanazungumza, na huku ndani ukuta ndio kwanza unaanza kutoa. Nilipouweka kiganja ulikuwa kama ubavu wa ng'ombe. Kitanda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba. Mwenye nyumba alisema tu kwamba pale ukutani huwa halali. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni akimpepea mtoto kwa kifuniko cha ndoo, mkono huu ukichoka anabadilisha.

Dirisha lilikuwepo, na lilikuwa kubwa. La aluminiamu, la kusukuma, kama ilivyo karibu kila nyumba mpya mjini. Dirisha la mbao la mabawa mawili linafunguka lote, lakini hili la kusukuma, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine: umelipia dirisha la futi tano, umepata upepo wa futi mbili na nusu. Toa wavu wa mbu, toa pazia zito, kisha nje kuna ukuta wa fensi mrefu kuliko dirisha lenyewe. Ukuta wa chumba ulioelekeana nalo haukuwa na tundu hata moja. Upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea.

Huyu sikumwambia anunue kiyoyozi. Tulitoboa juu ya mlango na kuweka tofali za matundu, tukatundika feni ya dari, tukajenga kivuli cha makuti upande wa magharibi, na akapanda mwarobaini. Hewa ikitembea mita moja kwa sekunde, mwendo wa kutikisa karatasi mezani, mwili unahisi kama joto limeshuka nyuzi tatu hivi. Feni ya dari inakula wati 60 mpaka 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza) kinakula wati 1,000 na zaidi, na kwa kuwa kinataka madirisha yafungwe, umeme ukikatika umefungiwa ndani ya tanuri.

Basi mzee wa Makete nilimjibu hivi: watu wa joto hawavui, wanavaa upepo. Pwani upepo upo tayari. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba mpaka Machi ukitokea kaskazini-mashariki, kisha kusi huupokea ukitokea kusini-mashariki. Jua nalo hapa linapita karibu na utosi, hivyo kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na kipenu kifupi tu cha paa, wakati za mashariki na magharibi zinapigwa na jua la chini ambalo hakuna kipenu cha kulizuia. Nyumba ikiwa ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, umepata upepo na umelikwepa jua kwa mchoro mmoja. Kinachotukwamisha ni kwamba viwanja vinapimwa kufuata barabara, na kila mtu anataka sebule itazame geti.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Mji Mkongwe wa Unguja una vichochoro vyembamba vinavyojikinga vyenyewe na jua, kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za juu. Beda Amuli alipochora soko la Kariakoo katika miaka ya 1970 alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege inayokusanya maji ya mvua, na pembeni akaacha hewa ipite. Alikuwa anapangia maelfu ya watu, mizigo na samaki, katika jiji la nyuzi 32. Leo tunamjengea mtu mmoja ofisi ya vioo vitupu, kisha tunamwambia Dar haikaliki.

Sasa baridi, ambayo naipenda kama mtu anavyopenda kwao. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi sita hivi, na Njombe iko kwenye mita 2,000 au karibu yake. Fanya hesabu utaona kwa nini mtu akishuka basi pale stendi alfajiri ya Julai anatafuta koti kabla ya choo. Kule juu Kitulo umande unaganda kwenye majani, na viazi vinaungua shambani kana kwamba vimepitiwa na moto.

Nyumba zetu za huko zinanitia uchungu. Ramani ni ileile ya Dar: bati, sakafu ya saruji, mara nyingi bila dari, na kati ya ukuta na bati kumeachwa mwanya ambao mkono unapita. Julai moja nilibeba vipimajoto viwili nyumbani kwa mama yangu, nikaweka kimoja nje chini ya mparachichi, kingine juu ya kabati chumbani kwake. Saa kumi na moja alfajiri cha nje kilisoma tisa, cha ndani kumi na moja. Yaani tofali zote zile za kuchoma, mbao na bati, kazi ya miaka minne ya baba, vilikuwa vinampa mama nyuzi mbili.

Ndipo watu wanapoingiza jiko la mkaa chumbani, na hapa nakuomba usome taratibu. Shangazi yangu alikuwa na kawaida ya kusubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu kabisa, ndipo aingize jiko ndani na kufunga mlango. Aliamini hatari iko kwenye moshi. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya, maana yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, anadhani ni usingizi wa uchovu. Siku moja walimtoa nje hajitambui. Mungu alimsaidia, akapona. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Sitaki kusikia msiba wa namna hiyo kwa mtu aliyesoma ukurasa huu.

Dawa ya baridi ya Njombe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ziba ule mwanya. Weka dari, mbao za misindano zimejaa kila kona. Tandika mkeka au zulia juu ya saruji. Kisha lifuate jua: mwezi wa Juni, adhuhuri ya Njombe, jua linasimama upande wa kaskazini kwenye nyuzi 57 hivi kutoka upeo wa macho. Dirisha kubwa la kaskazini linaliingiza mpaka katikati ya chumba, na ukuta ulioota jua mchana unalirudisha usiku. Ule ukuta uliomtesa mtu wa Mbagala, Njombe ni rafiki. Kinachobadilika ni upande wa kuuelekeza tu.

Na mazoea je? Yapo, na yana nguvu. Mwaka 1970 Mdenmaki P. O. Fanger alitoa hesabu za kukadiria watu wangapi wataridhika na hewa ya chumba, na kwa hesabu hizo hata chumba kikirekebishwa vizuri kiasi gani, asilimia 5 watalalamika. Miaka michache baadaye Mwingereza Michael Humphreys alikusanya majibu ya watu waliokuwa kwenye nyumba na ofisi zao katika nchi mbalimbali, akaonyesha kwamba kiwango kinachowaridhisha kinafuata hali ya nje waliyoizoea. Kwa kanuni tunayoitumia leo, katika nyumba isiyo na kiyoyozi, mahali ambapo wastani wa nje ni nyuzi 27 watu wengi huridhika ndani kwenye 26 hivi. Wastani wa nje ukiwa 15, huridhika kwenye 22. Mwili wenyewe unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kulizoea joto: jasho linaanza mapema zaidi na linatoka na chumvi kidogo. Wiki ya kwanza niliyofika Dar nililala kwenye sakafu tupu, nikilia kimyakimya kwa ajili ya Njombe. Leo nikienda kwetu ndugu zangu wanavaa shati, mimi natetemeka ndani ya jaketi, na mama ananitazama kama mgeni. Nikistaafu nitabaki pwani. Mwili wangu umeshahama.

Lakini nyumba ile haikuwa yangu. Niliwachorea michoro miwili, nikawapeleka kwenye viwanja vyote viwili. Mama alikubali Njombe kwa masharti yake: dari nyumba nzima, sakafu ya mbao chumbani, maji ya moto kutoka kwenye paneli ya jua juu ya paa, na mwezi wa Julai wote awe kwa dada yake Tanga. Mzee akasaini bila neno.

Kabla hawajaondoka mama aliirudisha karatasi mezani, akaweka kidole kwenye chumba cha kulala.

"Mwanangu, jua linafika kitandani saa ngapi?"

Nikazungusha chumba kwenye mchoro, dirisha likatazama kaskazini-mashariki. "Juni, saa mbili asubuhi litakuwa miguuni kwako, mama."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.