Kabla Hujaongeza Chumba Nyuma ya Nyumba England

Fundi akikuambia, "Mzee, kwa jiko dogo hivi kibali hakihitajiki," muulize amepima kuanzia ukuta upi. Hapa England sheria inamruhusu mwenye nyumba kuongeza chumba kisicho na ghorofa upande wa nyuma bila kuomba kibali cha mipangomiji. Mradi kisitokeze zaidi ya mita 3 kama nyumba imeshikana na ya jirani, au mita 4 kama imesimama peke yake, na kimo kisizidi mita 4. Yako na masharti mengine, lakini linalowanasa wengi ni hili: vipimo hivyo huanzia kwenye ukuta wa nyumba ya asili, yaani ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mara ya kwanza kama ni ya baada ya hapo. Ikiwa aliyekuuzia nyumba iliyoshikana alishaongeza mita 2, wewe umebakiwa na moja tu. Wenye fleti hawana ruhusa hii kabisa, na nyumba zilizo kwenye maeneo ya hifadhi, yaani yanayolindwa kwa historia au mandhari yake, hubanwa zaidi.

Hata pale kibali kisipohitajika, nashauri uombe halmashauri cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi wako ni halali. Ada yake ni nusu ya ile ya kibali. Siku ukiuza nyumba, wakili wa mnunuzi atataka karatasi, na maneno ya fundi hayatamtosha.

Kibali kikihitajika, maombi hupitia tovuti ya Planning Portal. Ada ya kupanua nyumba moja ilipanda kutoka pauni 258 hadi 528 tarehe 1 Aprili 2025, kwa hiyo angalia kiwango cha sasa kabla hujalipa. Fomu yenyewe haina taabu. Kazi iko kwenye michoro. Inatakiwa ramani ya eneo ya kipimo cha 1:1250, yenye mstari mwekundu uliozunguka kiwanja chako chote, si nyumba peke yake. Kisha ramani ya kiwanja ya 1:500 au 1:200, na michoro ya nyumba ilivyo leo na itakavyokuwa. Mstari ukikosewa, maombi hayasajiliwi, na zile wiki 8 za halmashauri kutoa uamuzi hazianzi kuhesabiwa. Watu hulalamika wamecheleweshwa, kumbe faili halijapokelewa rasmi.

Usipite haraka tamko la umiliki. Msingi au hata mfereji wa paa ukivuka mpaka kwa sentimita chache, huwezi kutia saini kwamba ardhi yote ni yako; lazima kwanza umpe jirani taarifa rasmi. Kutoa tamko la uongo kwa makusudi ni kosa la jinai.

Majirani hupewa angalau siku 21 kutoa maoni. Jirani hana kura ya turufu. Hoja zinazopimwa ni kama kuzibiwa mwanga, kuchunguliwa faragha yake, au jengo kutolingana na mtaa. Kwamba nyumba yake itashuka bei, au kwamba hamsalimiani, hilo afisa haliweki kwenye mizani. Hata hivyo, mpelekee michoro mapema mkanywe chai. Anayepata habari kwa barua ya halmashauri huanza na hasira.

Ukikataliwa, una wiki 12 za kukata rufaa, bila ada. Ila soma kwanza sababu za kukataliwa: pengine kupunguza nusu mita kunatosha, japo ile nafasi ya kuomba upya bure iliondolewa Desemba 2023. Ukikubaliwa, kwa kawaida una miaka 3 ya kuanza kazi.

Na kibali hiki hakigusi uimara wa jengo, nyaya wala kinga ya moto. Hayo yana ukaguzi wake. Ukichimba msingi ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, chini kuliko msingi wake, Sheria ya Kuta za Pamoja ya 1996 inakutaka umpe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla.