Kesi Imekwisha, Rekodi Bado Ipo

Wateja wengi wanaonijia kuhusu rekodi ya uhalifu hawaji na karatasi yoyote ya mahakama. Huja na cheti cha tabia njema, kile cha polisi kinachoonyesha kama mtu ana rekodi ya uhalifu, walichotarajia kiwe safi. Mmoja wao, kijana aliyekuwa amepata kazi ya ulinzi nchini Qatar, aliniwekea mezani cheti kilichokunjwa mara nne, akanyoosha kidole kwenye mstari uliotaja shtaka la kumpiga mtu na kumjeruhi. "Wakili, hii kesi si tulisikizana na yule mzee akaiondoa?" Ni kweli walisikizana, na hakimu aliandika hivyo katika jalada. Ila jalada hukaa mahakamani, na alama za vidole hukaa kwingine.

Hapa Kenya, mtu anaposhtakiwa, polisi humchukua alama za vidole na kuzipeleka katika kumbukumbu za Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Miaka baadaye anapoomba cheti kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akalipa shilingi 1,050, akachapisha fomu ya C24 na kwenda Huduma Centre kupaka vidole wino, alama hizo mpya hulinganishwa na zile za zamani. Ikiwa matokeo ya kesi hayakuwahi kufikishwa huko, shtaka hubaki likining'inia kana kwamba mtu angali kizimbani. Si lazima pawe na hila ya mtu yeyote; ni karatasi moja iliyopaswa kusafiri ambayo haikusafiri.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa si kosa gani ulishtakiwa nalo, bali kesi iliishaje, na jibu la "iliondolewa" halinitoshi. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, yeye huachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale. Mlalamishi akiiondoa kwa ruhusa ya mahakama chini ya kifungu cha 204, mahakama humwachilia huru kabisa, na mlango huo hufungwa. Vivyo hivyo kwa aliyeonekana hana kesi ya kujibu chini ya kifungu cha 210, au aliyeshinda baada ya kujitetea chini ya kifungu cha 215. Mshtakiwa aliyesimama kizimbani husikia neno moja tu, "nenda nyumbani", na hakuna anayemwambia ni kifungu kipi kimempeleka nyumbani.

Mwenye kuachiliwa huru kabisa kazi yake ni ya miguu kuliko ya sheria. Aende katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi akiwa na nambari ya kesi, aombe nakala ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri, kisha aipeleke kwa DCI pamoja na cheti chenye kasoro na ombi la maandishi la kusahihishiwa kumbukumbu. Ombi hilo si la kubembeleza. Ibara ya 35(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 40, inazungumzia jambo hilohilo.

Aliyetiwa hatiani yuko katika hali nyingine kabisa, na hapa hunilazimu kuvunja matumaini yaliyookotwa mtandaoni. Watu husoma kwamba hukumu "hufa" baada ya miaka kadhaa, wasijue kwamba wanasoma habari za Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1974 huruhusu hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimepitwa na muda. Kenya haina sheria ya jumla ya namna hiyo kwa watu wazima. Njia iliyopo ni kuiondoa hukumu yenyewe, au kuomba msamaha.

Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, ingawa Mahakama Kuu inaweza kuruhusu iliyochelewa kwa sababu nzuri. Kikwazo kikubwa ni kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai: aliyekiri shtaka hawezi kukata rufaa isipokuwa kuhusu ukali au uhalali wa adhabu. Na wengi wa wateja wangu walikiri. Walikiri asubuhi moja ili walipe faini na warudi kazini, bila kuwaza kwamba faini nayo hufuata hukumu ya hatia. Hata hivyo, kukiri lazima kuwe kwa wazi. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, mahakama inatakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka na viini vyake vyote katika lugha anayoielewa, kuandika jibu lake karibu na maneno aliyoyatamka, kusikiliza maelezo ya tukio, na kumpa nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Nimesoma majalada ambamo mtu alikiri kumpiga mwenzake, na papo hapo akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeanza kupigwa. Huko si kukiri, ni kujitetea, na hukumu iliyojengwa juu ya maneno kama hayo inaweza kutenguliwa.

Msamaha wa Rais, chini ya Ibara ya 133 ya Katiba, hupitia kamati ya ushauri ambayo inaweza pia kuzingatia maoni ya waathiriwa. Simshauri mtu auanzie huo kabla ya kulisoma jalada lake.

Kuhusu athari nyingine, hofu huwa kubwa kuliko sheria. Hukumu ya kawaida haimnyimi mtu kujiandikisha kupiga kura. Kinachomzuia ni kosa la uchaguzi alilohukumiwa ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Anayetaka ubunge huzuiwa akiwa anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na hata hapo si kabla nafasi zote za rufaa na mapitio hazijamalizika. Ugumu halisi uko kwenye fomu za ajira na viza. "Umewahi kutiwa hatiani?" na "Umewahi kukamatwa au kushtakiwa?" ni maswali mawili tofauti: kijana wangu angejibu la kwa lile la kwanza na ndiyo kwa lile la pili, huku akiambatisha amri ya mahakama.

Amri yake ilikuwa ya kifungu cha 204. Tuliipata baada ya karani kupekua majalada ya mwaka mzima, kwa kuwa kijana alikuwa amepoteza nambari ya kesi na alichokumbuka ni kwamba ilikuwa karibu na mwezi wa Ramadhani. Kumbukumbu ziliposahihishwa, ilimbidi aombe cheti upya na kulipa tena ile 1,050.