Umebadilisha oili, gari likaanza kula: chunguza haya kwanza

Gari la petroli lililozoea 20W-50 ya madini likiwekwa 5W-30 sinthetiki, linaweza kufika alama ya chini ya kijiti kabla ya kilomita 2,000. Lawama huenda kwa oili mpya. Mara nyingi imefichua tu uchakavu uliokuwapo.

Namba ya pili, ile ya baada ya W, ndiyo ya kutazama. Kwenye joto la nyuzi 100, oili ya 30 ina uzito wa sentistoki 9.3 hadi 12.5, ya 50 ina 16.3 hadi 21.9. Ringi ya oili ya pistoni iliyolika, au iliyogandishwa na masizi kwenye mfereji wake, haikwangui vizuri ukuta wa silinda, na oili nyepesi hupita na kuungua. Dawa za kusafisha zilizomo ndani ya oili mpya nazo huondoa utope uliokuwa umeziba sili kavu, uvujaji ukaanza. Ila dawa hizohizo zinaweza kulegeza ringi iliyokwama, na baada ya kumwaga oili mara mbili tatu ulaji ukapungua. Ndiyo maana sipendi mtu arudi 20W-50 kwa haraka.

Kabla ya yote, pima sawasawa. Ukiegesha kwenye miinuko ya Ilboru au Kibosho, kijiti kitakudanganya. Tafuta tambarare, injini ikiwa ya moto, izime, subiri dakika 5 hadi 10, futa kijiti, chomeka tena, soma. Andika kilomita, na kila unachoongeza kipime kwa mililita. Tahadhari nyingine: safari fupifupi za mjini huacha petroli ndani ya oili, kwa hiyo kipimo huonekana hakishuki. Siku ukienda Dar es Salaam, petroli ile hupaa na oili huonekana "imeliwa" ghafla.

Kisha tazama moshi wa bluu. Ukitoka unapowasha asubuhi, au unapokanyaga tena mafuta baada ya mteremko mrefu kama wa Karatu kuja Mto wa Mbu, shuku sili za valvu: ukiachia mafuta, injini hufyonza kwa nguvu na oili huvutwa kupitia sili hizo. Ukitoka unapopanda na mzigo, shuku ringi. Kagua pia valvu ya PCV, inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, kwa kuwa ikikwama wazi oili huvutwa kwenye manifoldi ya hewa. Ni kipuri cha bei ndogo, na inauma kuona injini ikifunguliwa kabla hakijaguswa.

Oili ikihitaji kuongezwa uzito, panda hatua moja, 5W-30 kwenda 5W-40, kama kitabu cha gari kinaruhusu. VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kufunguka kwa valvu, huendeshwa kwa presha ya oili kupitia njia nyembamba, na 50 huichelewesha, hasa asubuhi za Julai.

Vitabu vingi vya Toyota vinataja lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo. RAV4 au Harrier yenye injini ya 2AZ-FE ikivuka hapo, usihangaike na madumu: baadhi ya injini hizo zina kasoro ya pistoni na ringi, na tiba yake ni kubadilisha vyote viwili.