Njia ya hewa kuziba na kupumua kwa shida: namna ya kutofautisha

Katika huduma ya dharura, njia ya hewa na upumuaji hukaguliwa kama mambo mawili. Njia ya hewa ni mapito yote kuanzia puani na kinywani, kupitia kooni, hadi kwenye bomba linaloingia kifuani. Upumuaji ni kazi ya kuvuta na kutoa hewa hiyo ili mapafu yaipe damu oksijeni. Mtu aliyezidishiwa dawa za usingizi anaweza kuwa na njia iliyo wazi kabisa na asipumue. Mwingine kifua kinahangaika lakini hewa haiingii: tazama tumbo likipanda huku kifua kikizama, pumzi baada ya pumzi. Huyo ameziba. Kwa sababu hiyo njia ya hewa hukaguliwa kwanza.

Anza kwa kumsemesha. Akijibu sentensi nzima kwa sauti yake ya kawaida, njia iko wazi kwa sasa. Akisema maneno mawili matatu kisha akanyamaza kutafuta pumzi, upumuaji una shida. Sauti iliyokauka ghafla baada ya kuungua ndani ya nyumba, hasa ukiona masizi puani, au baada ya kuumwa na nyuki, inaonyesha koo linavimba. Linaweza kufunga kabisa muda mfupi baadaye, kwa hiyo mgonjwa huyo hasubirishwi foleni.

Kisha sikiliza. Aliyepoteza fahamu akikoroma, wengi husema amelala. Hajalala, ulimi umerudi nyuma na kuziba koo. Rudisha kichwa nyuma na inua kidevu. Kama ameanguka au amepata ajali, sukuma taya mbele kwa vidole vya mikono miwili bila kukunja shingo. Sauti kama ya kusukutua maji maana yake ni mate, damu au matapishi: mgeuze ubavu, au nyonya kwa mashine ukiangalia unachokinyonya. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Sauti kali wakati wa kuvuta hewa hutoka sehemu ya juu iliyobana. Mtoto wa namna hii mwache akae anavyotaka mapajani kwa mama yake, usimtie kijiko mdomoni kumwangalia koo, kwani akilia huweza kuziba kabisa. Mluzi wakati wa kutoa hewa hutoka kwenye vijia vidogo vya mapafu, kama ilivyo kwa pumu.

Ukimya ndio unaodanganya watu. Aliyepaliwa hadi njia kuziba kabisa hakohoi wala hapigi kelele. Mgonjwa wa pumu aliyekuwa akilia mluzi, sasa kifua kimya na yeye anasinzia, hajapata nafuu: hewa inayopita ni kidogo mno kutoa sauti, na misuli imechoka.

Pumzi zihesabiwe dakika nzima, nguo imefunuliwa, mtoto ametulia. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, na hapo hesabu mara ya pili kuthibitisha. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Angalia pia pua zinazotanuka na sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani anapovuta hewa. Aliyezirai anayehema moja moja, kwa kukatikakatika, mhesabu kuwa hapumui: moyo huenda umesimama, anza kukandamiza kifua mara moja.

Kwenye ngozi nyeusi usitafute usoni ubuluu wa kukosa oksijeni. Angalia ulimi na fizi. Kipima oksijeni cha kidole husaidia, lakini rangi ya kucha, piko na vidole vya baridi hukipotosha, na kwa mwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Aliyelala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa, kipimo hicho kinaweza kuonyesha asilimia 99 wakati damu yake imejaa gesi ya sumu, maana hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Mtoe nje, kisha apewe oksijeni lita 10 hadi 15 kwa dakika kwa barakoa yenye mfuko, hata namba ikisema yuko sawa.