Umemaliza dawa ya mseto (ALu), kipimo bado kinasoma malaria

Mitaani Tanga, Ngamiani hata Makorora, mtu akimaliza dozi na kupima tena utamsikia: "Bado ipo, dawa feki hizi!" Si lazima. Vipimo vingi vya haraka havitafuti vimelea vyenyewe. Vinanasa protini yao, HRP2, inayobaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa ikirudi siku chache baadaye, omba kipimo cha darubini, kinachotafuta vimelea vyenyewe.

Kinachoharibika mara nyingi ni umezaji. Mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 mara 6: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ya kwanza, zinazofuata kila saa 12. Meza pamoja na chakula chenye mafuta (samaki wa nazi anatosha kabisa), maana tumbo tupu halifyonzi vizuri lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizo ndani ya mseto. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo.