Kisu cha kukunja: kagua bawaba kabla ya makali

Kwenye kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, kuna kovu la sentimita 2 linalopita pale kidole kinapokunjika. Nililipata nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kufundisha karakana ya ufundi hapa Tanga. Nilikuwa nakata kamba ya mkonge iliyofunga mzigo wa vyuma. Kamba ilikuwa imelowa umande, kisu kikakwama katikati, nami nikakisukuma juu ili kitoke. Bapa likajikunja. Kisu kilikuwa kikali, maana nilikinoa mwenyewe jana yake, na makali hayo hayo yakaingia mpaka mfupani.

Tangu siku ile, kijana akija karakana na kisu cha kukunja mfukoni humwomba anionyeshe, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni bawaba. Kisu cha jikoni ni kipande kimoja cha chuma kilichopitishwa ndani ya mpini. Cha kukunja ni vipande viwili vilivyoshikana kwa pini moja nyembamba, na nguvu yote ya mkono wako inapita hapo. Wengi wetu hununua kwa kutazama jinsi bapa linavyong'aa na ncha ilivyochongoka, tukasahau kuuliza ni nini kinalizuia bapa hilo lisirudi vidoleni.

Visu vingine havina komeo kabisa. Springi ndefu ya mgongoni ndiyo inayolibana bapa, na ukilisukuma vya kutosha linakubali kukunjika. Vile vyekundu vya Victorinox kutoka Uswisi, vya milimita 91, vingi vimejengwa hivyo. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu. Kwa kumenya chungwa la Muheza, kukata uzi au kufungua mfuko wa unga, sina neno juu yake. Lakini usitoboe nacho kitu kigumu. Unapotoboa, ncha hukwama na mkono huendelea mbele, na hapo ndipo bapa linapopata nafasi ya kujikunja.

Opinel ya Ufaransa, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1890, ina shingo ya chuma yenye mwanya. Tangu 1955 imewekewa pete: unafungua bapa, unaizungusha pete, mwanya unazibika na bapa halina pa kurudia. Nalipenda komeo hili kwa sababu unaliona kwa macho kama limefungwa au la. Taabu yake kwetu ni mpini wa mti. Masika ikikolea, mti hunywa unyevu na kuvimba, ukalibana bapa hata kucha isiweze kulitoa.

Halafu kuna kile ambacho wazee wanakijua vizuri, Okapi, chenye mwezi na nyota za chuma kwenye mpini na pete ndogo mgongoni. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, wakati Tanga yenyewe ilikuwa chini ya Wajerumani. Sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Ukikifungua unasikia meno ya komeo yakilia moja baada ya jingine, na ili ukikunje lazima uivute pete.

Vingi vinavyopangwa mezani na wauzaji wa Ngamiani, hapa Tanga, siku hizi vina kilimi. Ndani ya mpini mna bati lililopindwa kidogo, na bapa likifunguka bati hilo linaruka na kuegemea kitako cha bapa. Kilimi kilichotengenezwa vizuri kinaaminika. Kikitengenezwa ovyo ni hatari kuliko kisu kisicho na komeo, kwa sababu unakitegemea.

Kwa hiyo kikague hapo hapo mezani, kabla hujatoa pesa. Kifungue polepole. Usikirushe hewani kama vijana wanavyofanya, maana mwendo wa kasi huficha kasoro. Kikomee, shika mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono wa pili libane bapa ubavuni karibu na ncha, kisha ulitikise kushoto na kulia. Likicheza kidogo, huenda skrubu imelegea tu, na hiyo inakazika. Kisha litikise juu na chini. Likicheza hivyo hali limekomewa, kirudishe mezani. Komeo halikai, na nyumbani huna cha kufanya.

Geuza kisu utazame ndani ya mpini, ukimulika kwa tochi ya simu. Kilimi kiwe kimekishika kitako cha bapa kwa upana wake. Kikigusa kwa ukingo tu, kitateleza. Kikiwa kimevuka mpaka upande wa pili, kimeshachakaa kabla hakijauzwa. Mwisho weka mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza ya mbao, bana mpini kwa ubavu ili kidole chochote kisiwe kwenye njia ya makali, na ukandamize taratibu. Komeo zuri halisogei. Kikunje, uhakikishe ncha imezama yote ndani ya mpini, kwa sababu ncha inayochungulia itakuchoma siku utakapoingiza mkono mfukoni bila kutazama.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alinijia amefurahi. "Shikamoo mwalimu. Nimepata kisu kisichoshika kutu. Muuzaji amekipitishia sumaku mbele yangu, haikunasa." Nikamwambia, mwanangu, umeuziwa kijiko chenye ncha. Sumaku imewadanganya wengi. Chuma kinachofaa kwa bapa, hata kile kisichoshika kutu, hupashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, na chuma cha namna hiyo sumaku hukinasa. Ambacho sumaku inakikataa kwa kawaida ni kile cha sufuria na vijiko. Hakipati kutu upesi, ni kweli, ila ni laini. Kinolewe vipi, makali yake hulala baada ya embe mbili.

Sasa chumvi. Hapa pwani hewa yenyewe ina chumvi, na mtu wa mwalo wa Deep Sea mkono wake haukauki. Chuma huitwa kisichoshika kutu kikiwa na kromiamu ya asilimia 10.5 au zaidi. Kromiamu hufanya utando mwembamba usioonekana juu ya bapa, nao ndio unaozuia kutu. Chumvi huutoboa utando huo pole pole, ukaona vitobo vidogo vyeusi, hasa penye bawaba ambapo maji hujificha. Kwa hiyo hata kisu kizuri hapa Tanga kinataka kuoshwa kwa maji ya kawaida na kufutwa kila kikitoka baharini.

Neno "stainless" lililochapwa kwenye bapa halikuambii ugumu wa chuma. Tafuta namba ya aina ya chuma. 12C27 ni ya Sweden, 8Cr13MoV ni ya China, na zote mbili zinafaa kwa mtu wa pwani na zinanoleka kwa jiwe la kawaida. Namba 420 tupu mara nyingi ni chuma laini zaidi. Jihadhari na D2, inayosifiwa sana kwa kushika makali. Ina kromiamu kama asilimia 12, lakini ina kaboni nyingi, asilimia 1.5 hivi, na kaboni hiyo huimeza sehemu kubwa ya kromiamu. Ukienda nayo baharini itakuaibisha. Chuma cha kaboni kisicho na kromiamu hunoleka haraka na kukata vizuri mno. Aliye Lushoto, mbali na chumvi, akichukue kwa moyo mweupe. Mvuvi asikiguse.

Kuhusu ukubwa, bapa la sentimita 7 hivi latosha kwa kazi zote za mfukoni, na unene wa milimita 2 hadi 3. Bapa nene linapasua tunda, halilikati. Makali ya meno yana faida kwa mtu wa kamba tu, hasa akiwa chomboni ambako kamba ya nailoni ikimnasa mtu mguu hakuna muda wa kusugua. Mpini uwe na mkwaruzo. Mpini wa chuma usio na mkwaruzo ukiingia utelezi wa samaki hutoka mkononi kama sabuni.

Vile vinavyochomoka kwa kubonyeza kitufe siwashauri mvinunue. Mchanga ukiingia kwenye springi havifunguki, na vinapofunguka huwatia hofu walio karibu. Kisu ni zana, lakini sheria zetu za jinai zinamgusa mtu anayetembea na silaha hadharani kwa namna ya kuogofya watu. Kiache nyumbani ukienda mpirani, mkutanoni au mahakamani. Ukipanda ndege, kiingie kwenye sanduku linalokwenda chini, kisiwe kwenye mkoba wa mkononi. Na kama una ndugu Uingereza unayetaka kumpelekea zawadi, sheria ya kule ya mwaka 1988 inamruhusu kutembea na kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zao hazikihesabu kuwa cha kukunja kama kina komeo. Huyo mpelekee kisicho na komeo.

Bawaba itie tone moja la mafuta ya cherehani kila mwezi. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi na kushika mchanga.

Kunoa ni pembe. Bapa lenye upana wa sentimita 2 lilaze juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake milimita 6, karibu na unene wa penseli. Hapo umepata nyuzi 17 au 18. Sukuma bila kubadilisha pembe mpaka uhisi kwa ncha ya kidole, upande wa pili wa makali, mkwaruzo mwembamba kuanzia kitakoni mpaka nchani, halafu ugeuze. Asiye na jiwe atumie kikombe cha udongo uliochomwa: kipindue, ule mduara wa chini usiong'aa unanoa vizuri. Maliza kwa kupitisha kisu kwenye ukurasa wa gazeti ulioshikwa hewani. Kikikwama, tazama ni sehemu gani ya makali imekwama, urudi jiweni kwa sehemu hiyo tu.